Siku Tuliyoipa Kamera Mgongo

Mumbere wangu,

Umekwenda Munkunyu kuwaaga shangazi zako, na kabla hujarudi nataka niwe nimemaliza kuandika. Nikikuona nitaanza kulia, na maneno yote yatageuka kuwa habari za kufua soksi na kufunga mlango. Hayo unayajua. Kesho unapanda treni pale Kasese, na barua hii nitaiweka chini kabisa ya mfuko wako, chini ya glavu. Isome treni ikishaondoka, usije ukashuka.

Nataka kukueleza kwa nini baba yako hajawahi kuja kukuona ukicheza.

Umeuliza mara nyingi, nasi tumekujibu kwamba ana shamba, ana mgongo, ana kikao cha parokia. Siku uliyochaguliwa timu ya wilaya alikaa uani akinoa panga ambalo lilikuwa limeshanolewa. Nilikuona ukimtazama. Ulidhani hakupendi, na mimi nilinyamaza kwa sababu yeye alitaka ninyamaze. Unajua kwamba zamani alidaka mpira, na kwamba meno yake ya mbele yalibaki kwenye kiatu cha mshambuliaji mmoja. Hujui kwa nini aliacha. Watu wote wa hapa kwetu Bwera wanajua, nao wamemtunzia heshima yake kwa kukaa kimya.

Timu yetu iliitwa Vumbi. Hakuna aliyekaa akalitunga jina hilo. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko, hauna majani, na goli likifungwa upande wa chini ulikuwa hulijui mpaka vumbi litulie. Wachezaji walikuwa wapagazi wa Mpondwe mpakani, mwalimu mmoja, karani wa forodha, na vijana wa ng'ambo ya mpaka waliovuka kila Jumapili baada ya misa bila mtu kuwauliza karatasi. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mzigo wao ukaguliwe walipanda juu ya mabodi wakatazama kutoka huko. Sisi wengine tulisimama kwenye mstari wenyewe, karibu kiasi kwamba winga akipita unasikia anavyohema. Kiingilio hakikuwapo. Ukiwa na ndizi unampa mchezaji ndizi.

Mjomba wako, kaka yangu Kule, alipiga ngoma. Mimi niliongoza nyimbo. Unanijua kama mama anayeimba kanisani, safu ya pili, kwa adabu. Hukuniona enzi zile. Nilikuwa nikisimama nyuma ya goli la baba yako na kumtukana mshambuliaji wa wageni kwa wimbo, kwa Kikonzo, yeye akicheza mpira huku akitikisa kichwa kwa furaha akidhani namsifu.

Baba yako, Baluku, alikuwa mpagazi. Mikono yake ilikuwa imezoea magunia, kwa hiyo mpira kwake ulikuwa kitu chepesi, kitu cha kuokotwa. Hakuruka kwa mbwembwe. Alikuwa tu pale mpira ulipofika.

Kisha akaja Festo.

Umeshamwona Festo, ndiye anayekuchukua kwenye timu yake Kampala. Wakati ule alikuwa kijana mwenye malori kadhaa, anatoa mizigo forodhani, ananunua kahawa, anajua kila afisa kwa jina la mkewe. Alikuja Jumapili moja na furushi la jezi mpya na viatu vya ngozi. Wapagazi waliokuwa wakicheza peku waliviweka viatu vile puani wakavinusa. Akasimama katikati ya uwanja akasema:

"Hii timu yenu iko mzuri, lakini iko na njaa. Mimi nitaishibisha. Itaenda ligi kubwa. Itaenda Kampala. Mtaiona!"

Nami, mama yako, nikampigia vigelegele. Wimbo wa kumsifu niliutunga hapo hapo, na nilikuwa mwepesi wa nyimbo. Baba yako aliporudi nyumbani akaniambia, "Masika, mutu anayekupa viatu, iko siku atakuambia pa kutembea." Nikamwambia ana wivu. Festo alitaka wachezaji wote waache kazi nyingine, na ni mimi niliyemsukuma baba yako aache upagazi. Nilisema mgongo wako utapona, utakuwa mtu wa mpira. Hilo nalibeba bado, ingawa sitalia juu yake leo. Leo nina hasira, na hasira na machozi havikai nyumba moja.

Tulipanda kweli. Tulifika ligi kubwa, na mwanzoni tulifuata timu kila mahali juu ya lori la Festo, tukiimba mpaka koo zinakauka. Halafu mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo, kama mto unavyokula ukingo.

Kwanza timu ikahamishiwa Kasese. Festo alisema Bwera hakuna umeme wala hoteli, na watu wa televisheni hawawezi kulala kwenye lori. Akabadilisha jina, Vumbi ikaitwa jina la malori yake, na jina hilo likaandikwa kifuani mwa jezi. Kisha uwanja ukazungushiwa mabati, na kukawa na geti, na getini kukawa na tiketi. Kisha siku ikabadilishwa. Jumapili baada ya misa ikawa haifai tena, ikawa siku ya kazi, saa ile ambayo malori yanapakuliwa na pamba inachumwa, kwa sababu eti hiyo ndiyo saa nzuri ya mwanga kwa picha. Nilikwenda siku moja nikamwona refa, filimbi mdomoni, wachezaji wote wamesimama, mpira umesimama, anamsubiri mtu wa kamera amwinulie kidole ndipo aanze. Nikamuuliza Kule, "Ni nani refa hapa?" Akasema, "Ile kitu ya miguu mitatu."

Mechi kubwa zikachezwa Kampala, na lori la mashabiki likakoma. Badala yake Festo aliweka televisheni kwenye baa yake pale Kasese. Ukinunua soda unakaa. Soda ikiisha, mhudumu anakugusa bega. Tulitoka Bwera tukaenda kuitazama timu yetu ndani ya sanduku, picha imejaa chenga kama mvua ya mawe, wachezaji wadogo kama siafu. Nilimtafuta baba yako nikamwona mara moja, kivuli kati ya milingoti. Niliimba. Watu wa baa wakacheka, mmoja akaniambia, "Mama, hakusikii."

Hakunisikia. Tangu siku hiyo nilijua kwamba tumeibiwa kitu, ingawa sikujua nimshtaki nani wala niseme kimepotea nini.

Sasa nifike kwenye yale usiyoyajua. Wakati huo wewe ulikuwa Kahendero kwa bibi yako, unajifunza kula samaki bila kumeza miiba.

Watu wa televisheni walikuwa wanakuja Kasese kwa mara ya kwanza kupiga picha mechi yetu nyumbani. Festo alimwita baba yako baani. Kule alikuwapo, naye alinisimulia, kwa sababu baba yako hajawahi kulitamka hili. Festo alimwambia:

"Baluku, unadaka vizuri, sina neno. Lakini kamera inamleta golikipa karibu, uso mzima. Wewe meno hakuna. Wenye kampuni ya bia wanaotulipa wanataka sura. Nimeleta kijana kutoka Kampala."

"Na mimi?" baba yako akauliza.

"Wewe utakaa getini. Mshahara iko. Nitakupa fimbo na kofia."

Meno yale aliyapoteza kwa ajili ya timu hiyohiyo, mwanangu, Festo akiwa amesimama kando akipiga makofi.

Alikubali. Upagazi alikuwa ameshauacha, nafasi yake imechukuliwa, na ninyi watoto mlimtegemea. Akavaa kofia. Katika mechi iliyotangulia ile ya kamera alisimama kwenye mabati kuzuia watu wasipande. Waliopanda walikuwa watu wa Bwera, waliokuja kwa miguu na kukuta tiketi imeisha au imewashinda. Kule akapanda na ngoma yake mgongoni. Vidole vyake vilikuwa vimeshashika ukingo wa bati pale Festo alipofoka kutoka ndani:

"Piga! Baluku, piga huyo! Unangoja nini?"

Sijui mtu anapopiga kelele hivyo mbele ya watu wengi mkono wa mwenzake unakuwa wa nani. Baba yako alipiga. Vidole vya Kule vilivunjika kwenye ukingo wa bati, mkono wa kulia, na umeviona jinsi vilivyopona, vimejikunja kama mizizi ya tangawizi. Tulikuambia ni mashine ya kukoboa kahawa. Haikuwa mashine. Hakupiga ngoma tena.

Baba yako aliweka fimbo chini, akavua kofia akaiweka juu ya fimbo, akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga uwanja wa mpira. Alirudi Bwera kwa miguu, njia yote ile. Alipofika alimpitia Kule nyumbani kwake kabla ya kuja kwetu. Walisema nini sijui. Walipotoka, walikuwa wameshikana mikono, ule mzima wa Kule na ule wa baba yako uliompiga. Basi, wao walimaliza. Mimi sikumaliza.

Baada ya siku chache Festo alikuja Mpondwe sokoni. Nilikuwa nimekaa na Odile, mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiuza vitenge, ambaye hukumfahamu. Festo akainama kwa heshima, akanichekea.

"Mama Mumbere, televisheni inataka kelele. Uwanja bila nyimbo ni kama matanga. Leta watu wako wa Bwera, leta akina mama. Nitawafungulia geti bure, mtakaa mbele kabisa, kamera iwaone."

Hakuuliza habari ya mume wangu. Hakuuliza habari ya vidole vya kaka yangu. Alitaka nyimbo, kama mtu anayekuja kununua nyanya.

"Ndiyo, Bwana Festo," nikasema. "Tutakuja wengi."

Alipoondoka Odile alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Weye, Masika! Utamuimbia tena ule mubaya?"

"Nitamwimbia?" nikamwambia. "Ngoja."

Tulipanga pale pale kati ya vitenge, na tulipanga kwa furaha, usidanganywe na wanaosema kisasi ni kichungu. Kinapopangwa ni kitamu. Odile alicheka mpaka akashika ubavu. "Tutaingia bure," akasema, "tutakaa mbele ya macho yao, na tutabageuzia mugongo. Bataonyesha nini Kampala? Bataonyesha vitenge vyangu!"

Siku ilipofika tulijaa upande ule wa kamera, wanawake wa sokoni, wapagazi, vijana wa ng'ambo, wazee. Festo alitupungia. Upande wa kivuli, kwenye viti vya hoteli, alikuwa amekaa afande mkubwa aliyealikwa, na askari wake wamesimama nyuma yake. Hilo hatukulijua kabla. Miaka hiyo mtu aliweza kupotea kwa kukohoa vibaya. Nilimtazama Odile, naye akanitazama, na Kule alikuwa kati yetu na bandeji yake. Kule akasema polepole, "Dada, tumeshaingia."

Mtu wa kamera akainua kidole. Refa akapuliza filimbi. Nasi tukasimama, tukageuka, tukakaa kimya.

Umewahi kusikia uwanja uliojaa ukiwa kimya? Nilisikia kiatu kikigusa mpira. Nilisikia wachezaji wakiitana, sauti zao zimekuwa ndogo kama za watoto waliopotea. Mbele yetu yalikuwa mabati, na juu ya mabati mlima. Nyuma yetu kijana wa Kampala mwenye meno mazuri alifungwa goli, tukalijua kwa sababu wageni walishangilia. Hakuna aliyegeuka. Tulianza kusikia Festo akipita nyuma ya migongo yetu, kwanza kwa kubembeleza, "Jamani, jamani, geukeni, nitawapa soda," kisha kwa matusi.

Halafu askari akaja. Aliniwekea kitako cha bunduki kati ya mabega.

"Wewe mama! Geuka! Unaonyesha afande mgongo?"

Sikugeuka. Usidhani ni ushujaa. Niliogopa kugeuka kuliko kusimama. Afande mwenyewe akasogea, nikanusa mafuta ya nywele zake. Hakusema na sisi. Alimwambia Festo:

"Hawa ni watu wako?"

"Hapana, afande," Festo akajibu haraka. "Mimi siwajui hawa watu. Si watu wangu."

Afande akauliza, "Basi hii timu ni ya nani?"

Mwanangu, nimeyala maneno hayo kwa miaka mingi na bado yana ladha. Nilitamani kugeuka nimwone Festo uso, na hiyo ndiyo sehemu pekee iliyokuwa ngumu, kutogeuka.

Picha ile haikuonyeshwa. Jumapili tulikwenda baani kwake makusudi, tukanunua soda, tukakaa, na kwenye kioo palikuwa na watu wanacheza ngoma za mkoa mwingine. Wenye bia hawakurudi. Kabla msimu haujaisha Festo aliichukua timu, wachezaji wote waliokuwa na thamani, akaipeleka Kampala. Alituma lori Bwera likang'oa hata milingoti yetu ya goli, ambayo haikuwa yake, ilichongwa na wapagazi. Mashimo yake watoto waliyatumia kuchezea golori.

Nikuambie pia upande mwingine, usije ukaiga nusu ya hadithi. Mechi ilipokwisha askari walifunga geti, na tulipotoka tulitoka katikati ya fimbo. Mimi nilipona kwa alama begani. Odile hakupona hivyo. Walimkuta ni mtu wa ng'ambo, usiku ule ule wakamvusha mpaka na kanga moja mwilini. Vitenge vyake vyote vilibaki sokoni, na kesho yake havikuwapo. Nilimtumia salamu kwa kila mfanyabiashara aliyekwenda Butembo. Hazikurudi. Nilikuwa nimepika kisasi changu kwa kuni za mwenzangu, na hilo sikuliona nilipokuwa nikicheka naye. Ukitaka kumlipa mtu, hesabu kwanza ni nani amekaa karibu nawe. Nimelijua hilo kwa gharama ya Odile.

Lakini sijutii kugeuka. Padri ameniuliza, nami nimemjibu hivyo hivyo.

Sasa mambo ya wiki hii. Ulikuwa mazoezini Festo alipokuja na gari lake jeupe la Pejo kuomba ruhusa yetu. Amenenepa, anatembea kwa fimbo nzuri. Dereva alishusha sanduku kubwa, televisheni, ile uliyoikuta sebuleni tukakuambia ni zawadi ya timu. Nyumba yetu haina umeme, naye alilijua hilo alipoinama kupita mlangoni.

Nilikuwa jikoni nasonga bundu ya muhogo. Niliuacha mwiko ndani ya sufuria. Nilisimama nyuma ya pazia, na nilikuwa na mambo ya kumwambia, mwanangu, yaliyoiva miaka yote hiyo. Baba yako akaniona akanitikisia kichwa: hapana.

Festo akakaa, akanywa chai yetu. "Mzee," akasema, "golikipa kama huyu sijaona. Hapigi sarakasi. Mpira ukifika, yeye yuko pale. Ametoa wapi mikono hii?"

Baba yako alimtazama. Kisha akatabasamu, mdomo wazi, pengo lote la mbele, dakika nzima akamwachia aone. Nilishika pazia. Nilisema moyoni, sasa atakumbuka, sasa.

"Ametoa kwa mama yake," baba yako akasema.

Festo akacheka sana, akampiga bega. "Mzee una maneno! Tumewahi kuonana?"

"Wewe unaonana na watu wengi," baba yako akajibu.

Akaenda zake. Hakukumbuka, Mumbere. Yule aliyemtoa baba yako golini kwa sababu ya meno alilitazama pengo lenyewe na asikumbuke. Mimi nimemchukia kila siku niliyoamka, nikadhani walau chuki yangu inamfikia mahali, inamwamsha, inamfanya asitie chumvi sawasawa kwenye chakula. Kumbe amelala usingizi mzuri. Hilo ndilo limenikata kuliko fimbo za askari.

Baada ya kuondoka kwake baba yako alikaa mbele ya kile kioo cheusi muda mrefu. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama betri ya lori inaweza kuliwasha sanduku lile. Nikasema nitamuuliza Kule. Kule amesema inaweza. Kwa hiyo atakuona. Sikiliza vizuri: baba yako atakuona.

Basi nenda. Sikuzuii, na sitaki udake vibaya kwa ajili yangu. Daka kila kitu. Kula chakula chake, vaa viatu vyake, na Jumapili nenda misa. Baba yako amenikataza kukuomba umlipizie, na mimi simkaidi mume wangu katika uzee huu, kwa hiyo sikuombi.

Nakupa habari moja tu. Festo amesema yeye mwenyewe atakuja stesheni Kampala kukupokea, na kutakuwa na mtu wa picha. Atakunyooshea mkono. Mshike, ni adabu. Mwambie wewe ni mtoto wa nani, jina la baba yako, na Bwera, na Vumbi, kwa sauti, na kwa mikono hiyo uliyorithi usiuachie mkono wake mpaka uone amekumbuka.

Mama yako akupendaye,
Masika